Futi Tano

Mtaro wetu unaanzia kwa Tabutany, kule juu,
ambako mvua ya Menengai hupiga hodi na kuaga papo hapo.
Unateremka nyuma ya vyoo, nyuma ya mabanda ya kuku,
hadi kwa Kerubo, mlango wa kumi na saba,
ambako kila tone la Kaptembwa huja kulala.

Mlango wangu ni wa tisa.
Hesabu kutoka juu: wa tisa.
Hesabu kutoka chini: wa tisa.
Sikujua kwamba hicho ni cheo.

Karani wa wadi alisema, chagueni kina wenyewe.
Kila futi moja, mia nne kwa kila mlango.
Basi wakaanza kunitembelea.

Shiundu wa juu alileta suruali isiyo na kasoro.
"Punguza kidogo," akasema, macho hayako kwenye suruali.
Jumatatu alikuwa mtu wa futi mbili.
Alhamisi, akichukua mzigo wake, alikuwa wa nne.
Njambi wa chini alileta sukari na habari za kifua cha mamake;
alianza na tisa, akateremka saba,
akaketi kwenye sita, akanitazama usoni.
Walikuwa wakinijia kama pindo mbili
zinazotafuta uzi mmoja.
Hawakunipenda. Walipenda namba yangu.

Nayo namba yangu ilikuwa tano. Mbona tano?
Kwa sababu mwaka juzi maji yalifika kizingitini
yakachungulia, yakarudi.
Kwa sababu kwenye kopo la vifungo nilikuwa na elfu mbili.
Sina falsafa nyingine.

Alikuwepo pia kijana wa kaunti, tope limemkaukia viatuni.
Alichora mstari wa chaki ukutani kwa Kerubo, juu ya dirisha.
"Saba," alisema, mara moja tu,
kwa sauti ya mtu asiye na mlango katika mtaa huu.
Karani aliandika: maoni ya mtaalamu.
Akapiga mstari. Akafungua ukurasa mwingine.

Waliotaka zaidi ya tano: mikono minane.
Waliotaka pungufu: mikono minane.
Wangu ukainuka, chaki ya kukatia bado kidoleni.
Tukapiga makofi.
Kila mtu akaenda zake na nusu ya furaha,
na nusu hiyo tukaiita haki.

Lakini mimi ni mshonaji.
Akija wa kiuno ishirini na nane, akaja wa arobaini,
siwakatii wote thelathini na nne nikasema tumepatana.
Mmoja itamdondoka sokoni,
mwingine itamgomea mapajani.
Nguo huuliza mwili kwanza.
Na mwili wa mtaro ni maji,
nayo maji hatukuyaita mkutanoni:
hayana kitambulisho, hayana mlango,
hayakujua mkono huinuliwa saa ngapi.

Yaliinua wao usiku, Aprili.

Kwangu yalipita kwa adabu, chini ya ukingo,
nikayasikia kitandani kama wageni wa jirani.
Futi tano zilinitosha barabara;
nakiri, niligeukia upande wa pili nikalala.
Kwa Kerubo yalipanda hadi kwenye mstari wa chaki,
yakaufuta.

Asubuhi alikuja na sare ya mwanawe,
tope hadi kwenye kola.
Hakutaja mtaro. Hakutaja mikono.
Aliuliza kama itaokoka, na ni pesa ngapi.

Niliitandaza mezani. Nikaishusha tepu shingoni,
nikajifanya napima.
Bei niliijua tangu siku ile ya mkutano:
mia nane.
Futi mbili, kwa mia nne kila moja.

Nilimwambia aje Jumamosi.